Sahani Kumi za Siagi

Mimi ndiye niliyetumwa kumtafuta mtu aliyeharibu hali ya hewa ya Ruiru, na nilimpata. Hao wengine wanaojisifu kwa kushika wezi wa kuku na wapika pombe ya chang'aa wakae kando kidogo. Mshukiwa wangu alikuwa mkubwa kuliko hao wote, na ushahidi nilikuwa nao mkononi, kwenye sahani.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana kuna watu hapa mtaani wanaosimulia kisa hiki vibaya, hasa kinyozi. Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo Thika mpaka nilipostaafu. Sasa ni mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Asiyejua Nyumba Kumi ajue ni majirani wa nyumba kumi wanaolindana. Mgeni akihamia, tunajua. Mtungi wa gesi ukiibwa, tunakaa, tunauliza maswali, tunampelekea naibu chifu orodha ya washukiwa. Cheo chenyewe hakina mshahara wala sare. Kina kalamu na daftari, na kwa kumsumbua mtu sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Joto lilikuwa limetuzidi mwaka huo. Nilipohamia Ruiru, ng'ambo ya barabara yetu kulikuwa na kahawa tu, kahawa mpaka macho yachoke, na Julai tulivaa sweta mbili na kukohoa kwa heshima. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni bila kubisha. Halafu kahawa iling'olewa, ploti zikapimwa, maghorofa yakaota, na sasa hata Julai yenyewe ni ya kubahatisha. Februari ndiyo usiseme. Mabati yanalia ka, ka, ka mchana kutwa, mbwa wanalala ndani ya mtaro, na mtu akikuambia "habari ya asubuhi" unaona anakuchokoza.

Basi naibu chifu wetu akaenda semina Thika, kwenye hoteli moja huko upande wa maporomoko ya Chania, akarudi na kofia mpya, mkoba mpya na maneno mapya. Akatuita wenyeviti wote. Akapanda juu ya kreti ya soda, akasema, "Wazee na akina mama, hii joto si ya Mungu. Mabadiliko ya tabianchi hapa kwetu yameletwa na binadamu. Kila mwenyekiti aende atambue sababu za kibinadamu kwa nyumba zake kumi. Orodha isomwe Ijumaa ijayo mbele ya baraza. Na kitakachotajwa kwa hiyo orodha, kitasimamishwa."

Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika kitu, nilikuwa nimeshaelewa. Ameharibu binadamu, atambuliwe, asimamishwe. Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki sijawahi kuambiwa nitambue kitu kingine ila mtu. Nilitoka pale nikitembea haraka kuliko umri wangu, kwa sababu, kusema kweli, mtu mwenyewe nilikuwa ninamjua.

Mbele ya geti langu, ng'ambo ya kichochoro, kuna nyumba nambari saba. Anaishi mama mmoja mpangaji, mtu wa upande wa ziwa, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye shamba la maua na huonekana Jumapili tu. Mama huyu hukaanga samaki nje ya mlango wake, kwa jiko la kuni, kwenye karai ambayo unaweza kumwogeshea ndama. Kuanzia saa nne asubuhi moshi unavuka kichochoro, unaingia sebuleni kwangu, unakaa kwenye kochi langu. Mapazia yangu yananuka ngege, yule samaki wa ziwani. Nimewahi kwenda kanisani nikaona paka ananifuata.

Hayo ya moshi ningevumilia. Kilichonichoma roho ni mke wangu. Kila siku, akishaosha vyombo vya mchana, alikuwa anachukua kigoda chake cha plastiki, anavuka kichochoro, anakaa nambari saba mpaka jua lipoe. Si siku moja, si wiki moja. Miaka mitatu! Mimi nabaki na chupa ya chai na redio, mwanaume mzima, nazungumza na mtangazaji. Kule kwenye moshi akina mama watano sita wamekaa, wanacheka mpaka wanapigana makofi ya mapaja, na wangu yuko katikati yao. Nilikuwa nimekata shauri kwamba pale panauzwa samaki kwa rejareja na umbea kwa jumla.

Kwa hivyo uelewe nilivyoipokea kazi ya naibu chifu. Jiko likitajwa, jiko litasimamishwa. Jiko likisimama, samaki hakuna, kikao hakuna, mke wangu atarudi nyumbani. Najua si hesabu ya mtu mzuri. Lakini nilikuwa na upweke wangu, na mtu mpweke akipewa kalamu ni hatari.

Katibu wangu ni askari wa lindo, mtu wa magharibi, mrefu, mpole, anayelinda ghala la watu usiku na mchana yuko huru. Kwa sababu ya kazi yake, hajui kuandika kitu chochote ila kwa mtindo wa OB, kile kitabu cha matukio cha walinzi na polisi. Hata mkutano wa maziko ukimpa aandike, atakuandikia: "Saa tano na dakika kumi, mama mkwe aliwasili akiwa katika hali ya kulia." Nilimwambia tuna kesi kubwa. Akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula.

Tulianzia nyumba nambari mbili, kwa mzee mwenye ng'ombe, kwa sababu naibu chifu alikuwa amegusia kwamba ng'ombe nao wamo.

"Ng'ombe wako hutoa hewa?" nikamwuliza.

"Hutoa maziwa."

"Nauliza hewa."

"Na wewe mwenyekiti, hutoi?"

Katibu akaandika: "Mshukiwa alijibu swali kwa swali." Tukasonga mbele. Nambari nne ni kwa mhubiri, ana jenereta ya kuendesha spika, inatoa moshi mweusi kila Jumapili. Yule alituuliza sisi tumeokoka lini. Tulitoka na vijikaratasi vya wokovu mifukoni, na hakuna hata swali moja letu lililojibiwa. Haidhuru. Hao walikuwa wa kujaza ukurasa tu.

Nambari saba nilifika nikiwa nimenyoosha kola. Mama wa samaki alikuwa anageuza vipande kwa kijiti, mke wangu amekaa pembeni kwenye kigoda chake, anachambua sukuma wiki ya watu.

"Mama, huu moto umeuwasha tangu lini?"

"Tangu saa nne, mwenyekiti."

"Hapana. Kwa jumla."

"Aa, kwa jumla? Tangu nije Ruiru."

Katibu akaandika: "Mshukiwa amekiri." Mama aliona kalamu ikikimbia, akashusha kijiti.

"Yawa! Kwa hivyo mimi na hii karai yangu ndio tumemaliza mvua ya Ruiru yote?"

"Uchunguzi unaendelea," nikasema.

"Na Ijumaa hii jiko itazimwa?"

"Ikitajwa."

Aliangalia karai, akanitazama mimi, na ule mzaha ukamtoka usoni. "Watoto wangu wawili wako shule kwa hii karai. Mshahara ya baba yao inaishia kwa nyumba. Wewe andika, mzee wangu, siwezi kukukataza. Lakini andika ukijua." Mke wangu aliniangalia kama anavyoangalia maziwa yanayotaka kufurika, kisha akaendelea kuchambua sukuma.

Kesi ingeishia hapo kama si katibu. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, kwa ule upole wake, "Mwenyekiti, haya ni maneno tu. Kwa kazi yetu, bila kitu cha kushika mkononi, kesi inaanguka." Nikaona ana haki. Kesho yake asubuhi tukachukua kipimo cha homa cha wajukuu wangu, tukakiinua juu katikati ya kichochoro. Kikafikiri sana, kikalia pi pi, kikaandika herufi mbili za kusema mgonjwa ni baridi mno kupimwa. Katibu akaandika: "Mtaa hauna homa."

Hapo ndipo nilipokumbuka siagi. Kule kiwandani, upande wa mvuke, hatukuhitaji kipimo cha mtu. Mama wa kantini alikuwa akituletea mkate na siagi kwenye sahani, tunaiweka juu ya meza ya vifaa. Siagi ikiyeyuka kabla hujamaliza kikombe, tulijua kuna bomba linavuja upande huo, na tulienda moja kwa moja tukalipata. Mabosi walikuwa na saa zao za kupimia joto ukutani zenye mishale, zilidanganya kila wiki. Siagi haikuwahi kutudanganya.

Mpango ukawa huu: sahani kumi, kijiko kimoja kimoja cha siagi, kila nyumba iwekewe yake uani saa sita ya mchana. Itakapoyeyuka kwanza, hapo ndipo joto linapotoka, na mwenye nyumba ndiye mshukiwa. Nilijua itakuwa saba. Moto uko pale pale, jamani! Nilimwambia katibu sahani ya nambari saba aiweke hatua tatu kutoka kwenye jiko, nisije nikaambiwa nimependelea.

Siku ya kwanza, Jumanne, tulipata aibu. Kuku wa nambari mbili walikula kielelezo chao. Nambari tisa paka alilamba mpaka maua ya sahani yakafifia. Nambari tano, mwanafunzi wa chuo cha Juja aliyepanga chumba pale alipaka siagi kwenye mkate, akaosha sahani vizuri, akairudisha akisema asante sana mwenyekiti, Mungu akubariki. Katibu aliandika: "Vielelezo vitatu vimeliwa, kimoja kwa adabu."

Jumatano tulirudia. Safari hii nilipita mlango kwa mlango nikatangaza kwamba siagi ni ya serikali. Saa sita kamili katibu akaanza na nyumba nambari moja, yaani kwangu. Akaweka sahani katikati ya ua, akaenda mbili, akaenda tatu. Mimi nilikuwa nimesimama nambari saba nikisubiri mshukiwa wangu, mikono nyuma. Alipokuwa anainama kuiweka sahani ya saba, nikasikia sauti ya mke wangu kutoka ng'ambo, kwenye geti letu.

"Mzee! Yako imeisha!"

"Imeliwa na nini?"

"Na jua!"

Nilikimbia. Siagi ilikuwa imelala kwenye sahani, maji ya manjano matupu, na inzi mmoja anaogelea. Nikasema sahani hiyo ni mbovu, ina ufa. Tukaleta sahani nyingine. Maji. Nikasema siagi ya juu ya mkebe huwa dhaifu, tuchote ya chini. Maji. Mwisho nikachukua mwavuli wangu, nikaisimamia mwenyewe, nikaikinga jua kwa mkono wangu mwenyewe, na ile takataka ikayeyukia kivulini ikipikwa kutoka chini.

Hapo lazima niueleze ua wangu. Ni kabro kutoka geti mpaka mlango wa jikoni, ukuta hadi ukuta, yale matofali ya saruji ya kupanga, mekundu na ya kijivu kwa mistari. Nilipanga mwenyewe kwa kamba na jicho la fundi. Hakuna jani, hakuna vumbi, hakuna nyasi yenye ujasiri wa kuota. Wageni walikuwa wakiusifia na mimi nilikuwa nikijifanya sisikii ili wasifie tena.

Na nambari saba? Saa nane mchana kijiko cha siagi kilikuwa kimesimama vile vile, na alama ya kijiko juu yake. Nilichuchumaa nikaitazama kwa karibu, nikaigusa kwa kidole. Ilikuwa siagi kamili. Juu yetu mama yule alikuwa ameutambaza mkarakara juu ya nyaya, majani yamefunikana. Kando kulikuwa na mgomba unaokunywa maji ya kuoshea samaki, na magunia ya udongo yaliyooteshwa sukuma yamepangwa ukutani, na ardhi ni udongo wenye unyevu. Hatua tatu kutoka kwenye moto, na bado mtu angeweza kulala pale.

Katibu alifunika kalamu yake. "Mwenyekiti," akasema, "moto uko huku, lakini joto liko kwako."

"Futa," nikamwambia.

"OB haifutwi."

"Basi andika nambari saba kuna moshi."

"Nimeandika yote," akasema. "Moshi nimeandika, siagi nimeandika, mwavuli pia nimeandika."

Lakini nakala safi ya kusomwa barazani niliiandika mimi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu. Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilikaa mezani, nikaandika kwa herufi kubwa: Kwanza, nyumba nambari saba, jiko la kuni. Pili, ng'ombe. Tatu, jenereta ya mhubiri. Nyumba nambari moja haikuwepo kabisa kwenye karatasi hiyo, ungefikiri Ruiru inaanzia mbili. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, na kwa sababu mdomo wangu haujawahi kunihifadhia siri, nikamwambia mke wangu:

"Kesho lile jiko linafungwa. Sasa utakuwa unakaa kwako kama watu wengine."

Alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta mpaka akamaliza, akakamua kitambaa, akakianika. Kisha akachukua kigoda chake. Nikajua haya, anaenda. Lakini hakwenda kwenye geti. Alikiweka katikati ya ua, juu ya kabro, jua la saa nane likiwa utosini, akaniita.

"Njoo ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Kwangu."

Nilikaa. Mwanaume atakataaje kigoda mbele ya mkewe? Plastiki ilikuwa imeshashika moto, ikaniuma kupitia suruali, nikajikaza. Kabro ikaanza kunichoma nyayo kupitia kandambili. Nikainua mguu mmoja, nikaushusha, nikainua mwingine. Jasho likashuka likaingia machoni. Yeye alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, mikono amekunja, ananitazama. Mimi nasema nilikaa nusu saa. Yeye anasema dakika tano hazikufika.

"Hapo umekaa palikuwa na nini?" akaniuliza.

Nilijua palikuwa na nini. Palikuwa na mti wa matunda, mlokwati. Aliupanda yeye, mwaka ule kifungua mimba wetu alipoanza shule, ukiwa kijiti cha kuaibisha, na akaumwagilia maji ya kuoshea sahani mpaka ukapita paa. Watoto wetu wote walifanyia kazi ya shule chini yake. Halafu nikaweka kabro. Majani yakawa yanaanguka kwenye kabro yangu, matunda yakaacha madoa kwenye kabro yangu, ndege nao wakaifanya gari yangu choo. Jumamosi moja yeye akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nikaleta mtu na msumeno wa mashine. Aliporudi aliangalia kisiki, akaweka Biblia mezani, akaenda kupika. Hakugomba. Nikajiambia, huyo ndiye mke, hana makuu.

Jumatatu iliyofuata ndipo alipochukua kigoda akavuka kichochoro kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu nimekaa na mambo hayo mawili na sijawahi kuyaunganisha. Mimi, mchunguzi! Mwenye OB!

"Kwa hivyo si umbea," nikasema kutoka kwenye kigoda.

"Umbea gani? Wale wamama wanaongea Kijaluo. Miaka tatu mimi najua maneno mawili. Rech ni samaki. Erokamano ni asante." Akaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka, halafu kicheko chake kikakatika katikati, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Wakicheka nacheka. Sijui hata wanacheka nini. Nilikuwa natafuta kivuli tu, mzee. Hapa kwangu hakuna."

Niliona aibu. Nilitaka kumwambia pole, nikasema, "Hiki kigoda kina moto." Akasema anajua.

Ijumaa baraza lilijaa. Mama wa samaki alikuja amevaa gauni la kanisani, na karai ameiosha ikang'aa, ameifunga kwa leso, ameipakata. Alifikiri anaenda kuikabidhi serikalini.

Wenyeviti wakaanza kusoma. Wa kwanza akasoma: kukatwa kwa miti, kuchomwa kwa takataka, kumwagwa kwa saruji kila mahali. Wa pili akasoma: kukatwa kwa miti, kufukiwa kwa chemchemi. Wa tatu hivyo hivyo. Naibu chifu anaitikia kwa kichwa, vizuri, vizuri. Ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa tumetumwa kuleta sababu. Mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyeleta washukiwa, nambari za nyumba, OB na sahani ndani ya mfuko wa karatasi.

Ningeweza kuponea hapo. Ningesimama, niseme kukatwa kwa miti, kumwagwa kwa saruji, nikae chini, na hakuna ambaye angeuliza ni nani. Maana ukisikiliza zile orodha, miti ilikuwa imekatwa na saruji imemwagwa na binadamu hakuwepo siku hiyo. Lakini katibu alikuwa ameshaweka sahani juu ya meza. Na mke wangu alikuwa amekaa safu ya pili, kwenye kigoda chake, kwa sababu viti vya baraza havitoshi.

Karatasi niliiacha mfukoni. Nikamwomba katibu OB.

"Mshukiwa wa kwanza," nikasoma, na sauti ikatoka nyembamba, nikaanza upya. "Mshukiwa wa kwanza ni mwenye nyumba nambari moja. Mwanaume, amestaafu. Alikata mlokwati mzima, ambao hakuupanda yeye, bila kumwuliza aliyeupanda. Akaweka kabro ukuta hadi ukuta. Siagi iliyeyuka kabla sahani saba hazijapangwa. Mshukiwa alijaribu kuvuruga ushahidi kwa mwavuli."

"Ngoja," akasema naibu chifu. "Nyumba nambari moja anaishi nani?"

"Mimi."

Baraza zima likavunjika mbavu. Watu walicheka mpaka mzee wa ng'ombe akashika nguzo ya hema. Kinyozi alitoka nje akarudi akaanza upya. Naibu chifu alikaa kwenye kreti yake, kofia mpya mkononi. "Mzee, mimi nilisema sababu! Nani alikuambia ulete watu?"

"Wewe ulisema binadamu," nikamjibu, na hasira zangu zikarudi, afadhali. "Na nimekuletea. Hao wengine wamekuletea nani?"

Naibu chifu akavuta OB, akauliza, "Na hii nambari saba iliyoandikwa hapa?"

"Nambari saba siagi ilisimama mpaka saa nane. Moshi upo, sikatai, na mimi ni fundi. Nitamwekea bomba la kuupeleka juu. Jiko libaki."

Mama wa samaki aliifungua leso polepole, akaitazama karai kama mtu aliyerudishiwa mtoto na polisi. "Yawa, mwenyekiti," akasema, "kumbe umejishtaki mwenyewe?" Akina mama wa safu yake wakasema kitu kwa Kijaluo, wakacheka, na mke wangu akacheka nao. Naibu chifu akaamua papo hapo kwamba kilichotajwa kitasimamishwa, na kilichotajwa ni mimi na kabro.

Jumamosi niling'oa kabro kwa mtaimbo, matofali niliyoyapanga kwa mikono yangu, kutoka katikati ya ua mpaka upande wa jikoni. Katibu alisaidia, akaandika. Bomba la moshi niliunganisha wiki iliyofuata, na mapazia yangu sasa yananuka sabuni. Mtaani jina langu limekuwa Mshukiwa. "Niaje, Mshukiwa!" Vijana wananisalimia hivyo na ninaitikia, nitafanya nini?

Mche wa lokwati niliununua kwa muuza miche karibu na mto, wenye majani matano. Nilimwuliza utachukua muda gani mpaka mtu aweze kukaa chini yake. Akaniangalia mvi, akaangalia mche, akasema labda miaka mitano, labda sita, ukimwagiliwa. Nina miaka sitini na minane, na mke wangu magoti yake yameshaanza kumsema. Nilipanda, nikamwagilia, nikavuka kichochoro kumpelekea habari hiyo nikiwa na hofu, nikijua safari hii atagomba.

Alikuwa mahali pake chini ya mkarakara. Nilimwambia miaka ile niliyoambiwa, nikasimama juani nikingoja. Alihesabu kitu kwa vidole. Halafu akainuka kidogo, akasogeza kigoda chake upande mmoja mpaka pakabaki nafasi.

"Leta chako," akasema. "Tungojee huku."

Nikarudi nyumbani kuchukua kigoda.